Kutia Saa Ufunguo

Juma lililopita niliwaahidi kwamba nitaendelea na habari za daftari ya matumizi ya nyumbani. Nawaomba radhi, maana daftari hiyo itangoja kidogo. Limenipata jambo ambalo kwa miezi kumi sasa limekuwa likinifundisha adabu, na jambo lenyewe ni dogo hata laenea katika kiganja cha mtoto. Ni saa ya mkono, saa ya kutia ufunguo, iliyokuwa ya marehemu babu yangu.

Najua wengine mtacheka. Mtasema, je, karani huyu hana simu? Ninayo. Simu huonyesha majira bila kuulizwa, wala haikosei, kwa kuwa huyapokea kutoka katika mitambo ya kampuni ya simu. Hata mkulima aliye shambani siku hizi hutoa simu mfukoni kutazama kama gari la maziwa limekaribia. Mimi pia nilikuwa vivyo hivyo. Tangu nilipotoka shule ya misheni hata nikaajiriwa serikalini sikuwa nimevaa saa ila moja ya betri, nayo betri ilipokwisha niliitia ndani ya mtoto wa meza, nikaisahau.

Babu yangu alikuwa karani wa stesheni, zamani za Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, katika stesheni moja ndogo kwenye njia ipandayo kutoka Nakuru kwenda Kisumu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na njia yenyewe ilikuwa moja tu, hata magari mawili ya moshi hayakuweza kupishana ila penye stesheni. Kwa hiyo kila gari lilipoingia na kila lilipotoka, wakati wake uliandikwa daftarini kwa saa na dakika, na stesheni ya mbele ikapelekewa habari. Mtu mwenye kazi kama hiyo akiwa na saa mbovu, si mshahara wake tu ulio hatarini. Mwaka 1956 babu alinunua saa ya Uswisi katika duka moja mjini Nakuru, kwa fedha alizoziweka akiba muda wa mwaka na zaidi. Alistaafu mwaka 1974, akarudi nyumbani kulima viazi na kufuga ng'ombe watatu, na saa akaendelea kuivaa mpaka alipofariki mwaka 2004.

Mimi wakati ule nilikuwa darasa la saba. Sura ya babu yangu imeanza kunififia, lakini sauti moja sijaisahau. Kila asubuhi, kabla hajagusa kikombe cha chai, alikuwa akiivua ile saa, akaishika kwa mkono wa kushoto, akazungusha kile kifundo kidogo cha ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada: krr, krr, krr. Sisi watoto tulijua kwamba mlio ule ukikoma ndipo chai itakapoanza kunywewa. Hakuna aliyethubutu kuugusa mkate kabla.

Basi, Desemba iliyopita nilipokwenda nyumbani kwa sikukuu, nyanya alitoa mkebe wa biskuti anaotilia vifungo na sindano, akapapasapapasa ndani, akanipa saa ile ikiwa imefungwa katika kitambaa. Nyanya amekaribia miaka tisini, na macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho hata haoni ila mwanga. "Bwana wangu," akaniambia, maana ndivyo aniitavyo kwa utani, kwa kuwa nimechukua jina la babu, "chukua hii. Saa ya mwanamume haifai kulala pamoja na vifungo." Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Sikujua nimepokea nini.

Saa iliyolala muda mrefu namna ile haiwezi kuamshwa kwa kutikiswa. Mafuta yake huwa yamekauka na kuwa kama gundi, na mtu akiilazimisha kwenda ataikwaruza mwenyewe. Nikaipeleka kwa fundi wa saa, mzee mmoja ambaye hukaa barazani mwa duka katika mji wetu, mwenye kioo cha kukuza alichokibana jichoni. Mafundi kama huyo wamebaki wachache. Wengi huuza betri na mikanda tu. Aliifungua mbele yangu, na kwa muda wa nusu saa nikasahau kwamba nimetumwa posta.

Alinionyesha kamani. Ni utepe mwembamba wa chuma cha pua, uliokunjwa ndani ya kisanduku cha mviringo kidogo kuliko kifungo cha shati. Ukizungusha kile kifundo unaikaza kamani, nayo ikijikunjua husukuma magurudumu, na magurudumu husukuma mishale. Lakini kamani ikiachwa huru ingejikunjua mara moja kwa mshindo, na siku nzima ingepita kwa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo yuko mlinzi wa mlango: gurudumu jembamba lisilozunguka, bali huenda na kurudi, likivutwa na kamani nyingine ndogo iliyo nyembamba kama unywele. Kila likienda na kila likirudi huruhusu gurudumu la meno lisogee hatua moja tu. Katika saa kama hii hufanya hivyo mara 5 kwa sekunde moja, yaani mara 18,000 kwa saa moja, na kwa siku moja mara 432,000. Ile kamani ya unywele ilitokea mwaka 1675, katika kazi ya mtaalamu wa Uholanzi, Christiaan Huygens, na ndiyo iliyozifanya saa za mfukoni ziaminike. Nilimwuliza fundi, na mlio ule wa krr ni nini? Akanionyesha kipande kidogo kama ulimi, kinachorukia meno ya gurudumu wakati unapoikaza kamani, kisha hukaa katikati ya meno mawili kuzuia gurudumu lisirudi nyuma.

Nikamwuliza tena, kwa nini twasema kutia saa ufunguo, na ufunguo wenyewe hauonekani? Akacheka. Ufunguo ulikuwako hasa. Saa za mfukoni za zamani zilikuwa na ufunguo wake mdogo, ambao mwenye saa aliufunga kwenye mkufu, na ukipotea basi saa imekufa. Katika miaka ya 1840 fundi mmoja Mfaransa, Adrien Philippe, alitengeneza mtambo wa kukaza kamani na kusogeza mishale kwa kifundo kimoja cha nje. Ufunguo ukatoweka, neno likabaki midomoni mwetu, na mimi sioni sababu ya kulifukuza.

Fundi alinidai bei ya haki, akanirudishia saa ikitembea, akaniambia, "Kila siku asubuhi, wakati mmoja, usisahau." Nikasema ndiyo, mzee. Juma la kwanza nilifanya. Juma la pili nikaanza kukosa.

Mtu aliyezoea simu hujidanganya hivi: hudhani kwamba kitu kilicho kizima jana kitakuwa kizima leo bila yeye kufanya neno. Simu nayo yahitaji kutiwa umeme, lakini hulia na kukukumbusha. Saa ya ufunguo hailii. Kamani ikijaa huiendesha muda wa siku moja na nusu, pengine karibu siku mbili. Kisha hunyamaza, na uso wake ukiutazama ni ule ule, mishale ile ile, haina alama ya kukuambia kwamba imekufa. Hilo ndilo lililoniaibisha mwezi wa Machi. Asubuhi moja nilikuwa nyumbani nikisoma gazeti, nikatazama mkono, nikaona saa mbili kasoro robo. Nikasoma tena kwa raha. Nikatazama, bado ni saa mbili kasoro robo. Nilipofika afisini ilikuwa saa tatu na nusu, na kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mmoja aliyetoka mbali, aliyepanda matatu mbili tangu alfajiri, akiningoja mimi nimwandikie barua ambayo ingemaliza jambo lake siku ile ile. Ofisi ya pili aliyotakiwa kuipeleka ilifunga kabla hajafika. Ikambidi alale mjini kwa mtu asiyemjua vizuri.

Nilimwambia, "Mzee, niwie radhi, saa yangu ilisimama." Akanitazama, akasema kwa upole, "Saa haisimami, mwanangu. Husimamishwa." Ningalipenda anigombeze.

Kuanzia siku hiyo nikaingia upande wa pili wa ujinga. Nikawa natia ufunguo asubuhi, adhuhuri, na jioni, tena mkononi bila kuivua, hata mke wangu akaniuliza kama naikamua maziwa. Kisha hofu ikaniingia, kwa sababu rafiki yangu mmoja wa hesabu alisema saa ikijazwa kupita kiasi hukatika kamani. Nikarudi barazani kwa fundi. Aliyonieleza yafaa myajue ninyi mlio na saa za wazee wenu sandukuni. Saa ya ufunguo haijazwi kupita kiasi kwa bahati mbaya. Kifundo kitazunguka mara 20, 30, pengine 40, kwa namna saa ilivyotengenezwa. Kisha utasikia kimekaza. Hapo ndipo mwisho, uache. Anayevunja ni yule aongezaye nguvu baada ya kukaza. Na saa ivuliwe kwanza, kwa maana ukiizungusha ikiwa mkononi hukisukuma kifundo upande, na ule msumari wake mwembamba hulegea mwaka hata mwaka. Ukizungusha nyuma kwa makosa, haidhuru, hakuna kitakachokazwa.

Zipo saa zijitiazo ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono. Mwaka 1924 Mwingereza John Harwood alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa saa ya mkono ya namna hiyo, na ndani yake mlikuwa na kipande kizito kilichocheza kila mvaaji alipotikisa mkono. Hizo kamani yake ikijaa huteleza tu. Kisha Desemba 1969 Wajapani wa Seiko wakauza saa ya mkono ya kwanza yenye betri na kipande cha jiwe la kwatsi, na kwa miaka michache tu saa za ufunguo zikawa vitu vya mkebe wa vifungo. Sizilaumu saa za betri. Ni rahisi, na katika kushika wakati huzishinda zetu mbali sana. Ile ya babu, hata baada ya kusafishwa, hupungua kama dakika moja kwa siku, nami huirekebisha kila jioni habari za redio zinapoanza, mlio wa mwisho ukisikika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Wakati wa Pasaka nilikwenda nyumbani. Nilikuwa nimesafiri usiku, nimechoka, na asubuhi ile sikukumbuka saa. Nilipoketi karibu na nyanya alinishika mkono, akaipata, akafurahi. Akaomba nimvulie. Kwa kuwa haoni, hakuutazama uso wake, aliiweka sikioni.

Akakaa hivyo kitambo. Kisha akaishusha, akanirudishia kwa mikono yote miwili kama nilivyoipokea Desemba, akaniuliza watoto wanaendeleaje shuleni. Mimi nikajibu, wala sikuelewa. Nilipoivaa tena ndipo nikaona mshale wa sekunde umetulia.

Jioni shangazi alinifuata penye zizi. Akaniambia, "Hukupata kuelezwa?" Nikasema sikupata. Akanieleza kwamba babu alipougua mara ya mwisho alilazwa siku tatu. Saa aliiacha nyumbani juu ya meza, kwa sababu hakutaka ipotee. Nyanya, ambaye hakusoma shule na hata namba za usoni mwa saa hazijui, alikuwa akiamka kila asubuhi na kuitia ufunguo kwanza, ndipo aende hospitali kumpelekea uji. Hakuna aliyemwagiza. Siku ya nne alirudi mapema, na waliokuwa nyumbani walipomwona tu walijua. Akaketi penye meza. Saa ilikuwa inatembea bado kwa ule ufunguo aliotia mwenyewe alfajiri. Akaiweka sikioni, akaisikiliza mpaka watu walipokuja kumwinua, wala hakuitia ufunguo tena. Ilikwenda mchana ule, na usiku ule, na asubuhi ya pili ikanyamaza. Ndipo akaifunga katika kitambaa. "Sasa wewe," shangazi akasema, "ukamletea sikioni kitu kilichonyamaza."

Sitaandika zaidi habari za usiku ule.

Mtu hazoei jambo kwa kuambiwa; huzoea kwa kulifunga kwenye jambo jingine ambalo tayari hulikosi. Nilijaribu kuandika karatasi na kuibandika ukutani. Nikaizoea karatasi, nikaacha kuiona. Nilijaribu kuweka kengele ya simu, nikaona haya. Mwisho nikafanya kama babu, nikaifunga kwenye chai. Kikombe kikiwekwa mezani sikigusi kabla sijasikia kamani imekaza. Siku kumi za kwanza zilikuwa taabu. Mara nyingi nilikuwa nimekwisha kumeza funda moja ndipo nikakumbuka. Katikati ya mwezi wa Mei nikaona vidole vyangu vinakwenda vyenyewe. Siku hizi mtoto wangu mdogo hangoji kuambiwa. Husikia krr, akasogeza kiti. Juu ya hayo amejifunza kusoma saa, maana anajua kwamba mshale mfupi ukiwa kwenye 7 ng'ambo yake ni 1, nasi twasema saa moja, jambo ambalo watoto wengi wa simu hawaulizi hata kidogo.

Nimebakiza mambo mawili ya fundi. Mwezi wa Juni saa ilianza kukimbia mbele, dakika nyingi kwa siku, nikadhani nimeivunja. Fundi aliisogeza karibu na dira yake ndogo, na sindano ya dira ikageuka. "Waiweka wapi usiku?" Nikasema, juu ya redio. Kumbe ndani ya kipaza sauti cha redio mna sumaku, na sumaku ikiishika kamani ya unywele, mikunjo yake hugandamana, ikawa kama imefupishwa, na saa hukimbia. Aliipitisha katika chombo chake cha kuondoa sumaku, kazi ya dakika moja, ikapona. Jambo la pili ni zile nukta za kijani zilizong'aa gizani katika saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960. Mara nyingi ni rangi yenye radiamu. Leo hazing'ai, kwa sababu ile rangi iliyobadili nguvu yake kuwa mwanga imechakaa, bali radiamu yenyewe ipo, na hukaa miaka 1,600 kabla ya kupungua nusu. Kuivaa saa ikiwa imefungwa si neno, lakini msiwaache watoto wakaifungua na kukwangua uso wake, wala msiikwangue ninyi kwa tamaa ya kuing'arisha. Tena ivueni mnapokamua, mnapopulizia dawa mimea, na mnapooga. Saa hizi hazina ulinzi wa maji, na tone moja lililoingia ndani huanza kutu ambayo hamtaiona mpaka imekwisha kula.

Mwezi wa Agosti nilirudi nyumbani. Safari hii niliitia ufunguo ndani ya basi, mapambazuko, abiria wa pembeni akinitazama. Nilipoketi karibu na nyanya sikungoja aniombe. Niliivua nikamwekea kiganjani. Akaipeleka sikioni. Chai ikaletwa, ikapoa, na watu wakaendelea na mazungumzo yao ya bei ya mahindi, naye bado ameinamisha kichwa. Hakusema neno lolote juu ya Pasaka.

Nililala huko. Asubuhi, kabla ya chai, aliniambia, "Bwana wangu, lete nitie mimi." Nikampa. Akaishika kwa mkono wa kushoto, kifundo akakitafuta kwa ukucha, akaanza kuzungusha polepole, krr, krr, krr. Nilitaka kumwonya asiilazimishe, kwa sababu nilikuwa nimejifunza mambo mengi barazani kwa fundi. Nikanyamaza. Alizungusha mara ishirini na kitu, kisha vidole vyake vikatulia vyenyewe palipokaza, akanirudishia, akasema chai imiminwe.